Namba Sita wa Plum Fork

Marla Kubik hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi yake hata siku moja, lakini ukimwuliza habari za shule za dunia angekusimulia mpaka uombe radhi. Alijua kwamba Ufaransa mtoto akipata kumi na nne kwa ishirini, nyumbani kwao wanapika keki. Alijua kwamba Denimaki mtu anaweza kupewa alama iliyo chini ya sifuri na akaendelea kuishi. Alijua kwamba Kenya C yenye jumlisha ndiyo mlango wa chuo kikuu, na kwamba wasahihishaji wa huko hawaigawi A kama njugu. Yote hayo aliyajulia kwenye meza moja ya mbao, chumba cha chini cha ofisi ya udahili ya Chuo cha Plum Fork, katika jimbo la Nebraska. Hapo alisoma vyeti vya wageni kwa miaka kumi na tisa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Cheti kikija kutoka ng'ambo, Marla alikisoma, akahakiki mihuri, akajaza karatasi ya njano na kuibana kwa stepla juu ya faili. Kamati ya udahili ilisoma karatasi hiyo tu. Watu wale watatu, wakiongozwa na mkuu wa udahili, Alden Pruitt, hawakuwa na muda wa kuhangaika na Kithai wala Kicheki. Waliangalia ya njano, wakasema ndiyo au hapana, wakaenda kwenye faili jingine. Juu kabisa ya karatasi hiyo Marla alikuwa na desturi ya kuandika mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, kueleza alama ya juu ya nchi ile ni ipi na ya chini ni ipi. Hakuna aliyemwagiza, wala fomu haikuwa na nafasi ya mstari huo. Aliuanzisha mwenyewe mwaka wake wa pili kazini, baada ya kijana mmoja Mjerumani kuponea chupuchupu kukataliwa kwa sababu ya kufaulu sana, maana kwao namba ndogo ndiyo alama ya juu. Kamati ilikuwa imeuzoea mstari ule kiasi cha kusahau kwamba upo.

Basi mwanamke huyu mwenye kuijua dunia nzima kwa karatasi alikuwa na wivu. Wala si ule wivu mdogo wa kumwonea jirani gari jipya. Huo Marla hakuwa nao, nitakuwa mwongo nikimsingizia. Wivu wake ulikuwa wa mama, na wivu wa mama huwa haujiiti wivu. Huo hujiita haki.

Ulianza siku Tessa, mtoto wake wa pekee, alipoingia Plum Fork. Tessa alikuwa bingwa wa tenisi wa shule za sekondari upande wao wote wa jimbo. Picha yake ilitoka gazetini akiwa na miaka kumi na saba, na mwenye duka la mji aliikata akaibandika karibu na mashine ya kulipia. Kocha wa chuo, Rod Trask, akamwambia Tessa aje, nafasi kwenye timu ipo. Ni kweli nafasi ilikuwepo. Kocha hakusema tu kwamba ni nafasi ya saba. Katika tenisi ya vyuo wanaocheza mmoja kwa mmoja ni sita, na wote sita walitoka mbali: Serbia, Brazili, Thailandi, na kwingine ambako Marla alikujua kwa mihuri yake. Wa saba huvaa sare, hubeba maji, hupiga makofi. Tessa alipiga makofi miaka miwili.

Marla hakukosa mechi hata moja. Alikaa jukwaani na mumewe Lyle, muuza chakula cha ng'ombe, mtu wa maneno machache na mbegu za alizeti mfukoni. Lyle alitafuna, Marla aliungua. Kila msichana aliyepiga mpira pale chini, Marla alikuwa amemsoma cheti, amemhakikia muhuri, amemwandikia mstari mwekundu. Yaani wote aliwapitisha kwa mkono wake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Marla angekwambia mgeni njoo mwenyeji akae benchi.

Tena kulikuwa na orodha ya kocha. Kila kocha wa chuo anayo, na kila mtu wa udahili anaijua na kuizungumzia kwa sauti ya chini. Mtoto wa kawaida akiomba Plum Fork hudaiwa wastani wa tatu kwa nne. Aliyemo kwenye orodha ya kocha hupita hata kwa mbili nukta tatu. Mwaka huohuo kijana wa jirani yao alikataliwa na mbili nukta nane yake, na mama yake akaacha kumsalimia Marla kanisani. Marla alikuja nyumbani siku hiyo akapika huku akihubiri habari za viwango, jinsi vinavyochezewa, jinsi mtoto wa mkulima wa hapa anavyofungiwa mlango huku wa mbali anafunguliwa dirisha. Lyle alimsikiliza mpaka viazi vikaiva. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, kama hasira zile za viwango Marla angekuwa nazo iwapo Tessa angekuwa namba moja. Marla hakumsemesha siku mbili.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba Tessa mwenyewe hakuungua. Sikukuu ya Shukrani ya mwaka wa pili alileta nyumbani wanne kati ya wale sita, kwa kuwa bwenini hakukuwa na chakula. Marla akawapikia bata mzinga, akawaokea kolachi za plamu, vile vimkate vitamu vya Kicheki vya ukoo wa Lyle, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Lyle akawapeleka shambani kwenye mabua wakajifunze kuendesha pikapu, wakarudi wamechafuka na wanacheka, na Tessa ndiye aliyecheka kuliko wote. Kisha Milica, yule Mserbia aliyecheza namba sita, akasimama mbele ya rafu ya vikombe vya ushindi sebuleni akauliza hivi ni vya nani. Huu ulikuwa mwaka wa pili wakiishi pamoja, na Tessa hakuwahi kuwaambia. Marla alikwenda jikoni akafungua bomba, akasimama pale maji yakimwagika bure, roho ikimuuma kama jino bovu.

Lakini Milica alikuwa anamaliza chuo mwezi wa Mei. Hilo Marla alilihesabu kwa vidole. Sita wakitoka mmoja wanabaki watano, na watano wakiongezwa Tessa ni sita. Mtoto wake angecheza mwaka wa tatu, hakuna wa kumzuia. Alinunua kiti cha kukunja chenye rangi za chuo akakificha karakana, asije Lyle akamcheka.

Mwezi wa Februari likaja faili la Vendula Sedlakova, kutoka Jamhuri ya Cheki. Juu yake kulikuwa na kikaratasi cha kocha: huyu ni wangu, namhitaji sana.

Marla alilifungua akiwa na tumaini moja tu, kwamba msichana awe mbumbumbu. Nakuambia ukweli, aliomba Mungu hivyo. Awe mbumbumbu, apungukiwe hata na ile mbili nukta tatu, ili yeye Marla amkatae kwa mikono safi na aende kanisani Jumapili. Akaanza kusoma. Hisabati moja, fizikia moja, biolojia moja, Kilatini mbili, historia moja. Kwa Wacheki moja ndiyo alama ya juu na tano ndiyo kuanguka. Wastani wake ulikuwa moja nukta tatu. Msichana huyu hakuhitaji orodha ya kocha wala ya mtu yeyote. Angeweza kupita mlango wa mbele kichwa juu. Alitaka kusomea udaktari wa mifugo, na alikuwa ameandika barua fupi kwa Kiingereza kilichonyooka: Mheshimiwa Bibi Kubik, nimefurahi kuona jina lako ni la kwetu.

Wakati wa chakula cha mchana Marla akaitazama video aliyoituma kocha. Hakuwa mchezaji, lakini miaka ya kukaa jukwaani ilimfundisha kuona. Msichana alikuwa mrefu, hana haraka, anaupiga mpira kana kwamba ana siku nzima. Angewashinda wote sita, na hata akiwa na mafua bado angemshinda Tessa. Marla aliifunga video kabla haijaisha, na mkate wake akautupa nusu.

Akajaza karatasi ya njano. Namba zote aliziandika kama zilivyokuwa, na wastani akauandika chini, moja nukta tatu. Halafu akaichukua kalamu nyekundu. Akaishika muda mrefu. Alimfikiria Tessa amekaa benchi na chupa za maji, mwaka wa tatu, mwaka wa nne, picha ya gazeti ikififia dukani. Akairudisha kalamu kwenye kikombe akajiambia mstari atauandika kesho. Kesho yake akajiambia vilevile. Siku ya tatu mafaili yalipandishwa juu kwenye kamati, na lile la Vendula likapanda nayo, likiwa na kila kitu cha kweli juu yake.

Kamati ilikaa Jumanne, baada ya chakula, mafaili arobaini mezani. Marla alikuwa pembeni akiandika kumbukumbu za kikao kama kawaida yake. Mwaka uliotangulia walimu wa chuo walimsema Pruitt vibaya kwa kuwapitisha wanamichezo wasiojua kusoma ratiba, na mwaka huu alikuja amekaza shingo. Alipofika kwenye faili la Vendula akavua miwani.

"Moja nukta tatu," akasema. "Hata nusu ya nne hajafika. Trask sasa anatufanya sisi watoto wadogo."

Profesa Oyler wa kemia, mama mmoja makini, ndiye aliyegeuka. Alisita kidogo, akaiangalia karatasi ya njano kama mtu anayetafuta kitu alichozoea kukiona mahali fulani na hakioni. Kisha akauliza, "Marla, hizi namba ni sahihi?"

 Pale ndipo Marla alipopewa nafasi ya kueleza, na alijua kwamba ni nafasi.

"Ni sahihi," akasema.

Chini ya dakika moja kamati ikasema hapana. Marla akaandika kwenye kumbukumbu: hakufikia kiwango. 

Kocha Trask alikuwa Teksasi na timu. Barua ya kukataliwa ilipomfikia msichana, chuo kimoja cha Kansas kilichokuwa kikimvizia kilimchukua ndani ya wiki. Kocha alirudi akapiga simu kwa Pruitt, akafoka, akaambiwa viwango ni viwango. Akanyamaza, kwa kuwa alishawahi kudanganywa na wachezaji kuhusu alama zao, akadhani na huyu ni walewale. Wakati huo wasichana wengine wazuri walikwisha kuchukuliwa kila mahali. Timu ya mwaka uliofuata ingekuwa na watano wa ng'ambo na Tessa Kubik.

Juma lile Tessa alikuja kula nyumbani, akauliza mezani ilikuwaje kwa yule Mcheki. Marla alimkumbusha kwamba mafaili ya watu hayazungumzwi mezani. Tessa akauweka uma chini, akasema ameshiba, akapanda chumbani. Marla akamwangalia akipanda ngazi, akajua kwamba mtoto amefurahi na anaona haya kuonyesha. Alilala usingizi mzito wiki nzima. Mambo ya dhamiri kumkosesha mtu usingizi, kwa Marla hayakuwahi kutokea, na mimi siwezi kuyatunga.

Oktoba kocha akashuka kule chini. Haikuwa kawaida yake. Makocha huagiza watu. Alisimama mbele ya meza akiwa na kofia mkononi, akatazama makabati ya mafaili kana kwamba anayahesabu. Alisema alikuwa kwenye mashindano huko Kansas na kocha mwenzake alimcheka mbele ya watu, akamwuliza imekuwaje akamwachia msichana aliyekuwa wa kwanza darasani kwao.

"Marla," akasema, "kule kwa Wacheki moja ni ya juu au ya chini?"

"Ya juu."

"Na wewe ulijua."

Marla akaisogeza stepla pembeni ya meza. Bomba la kupasha joto liligonga ukutani, likanyamaza.

Kocha akasema kwamba amekwenda juu kuliangalia faili. Miaka kumi na miwili anaziona karatasi zake za njano na zote zina mstari mwekundu, isipokuwa hiyo moja. Asingemshtaki kwa mtu. Hakusema kwa nini, ila Marla alielewa: orodha ya kocha ilikuwa na majina ambayo yeye mwenyewe asingependa yasomwe upya. Na mtu atamshtaki mwenzake kwa lipi, kwa kutoandika kitu ambacho fomu haidai?

"Ulimtaka binti yako awe namba sita," akasema akivaa kofia. "Basi ndiye namba sita. Wasichana nilionao ni sita tu, sina wa saba. Nikimtoa napoteza pointi kabla mpira haujapigwa. Kwa hiyo usije hapa kuniomba nimpumzishe."

Alipoondoka Marla alikaa kidogo, akasubiri aibu imshike. Ikaja, lakini nyuma yake ilikuja furaha, na furaha ilikuwa kubwa zaidi. Namba sita. Jioni ile alikitoa kiti cha kukunja karakana, na Lyle hakucheka.

Msimu ukaanza Februari. Mechi ya kwanza Tessa alifungwa sita moja, sita sifuri. Marla akasema ni woga wa mara ya kwanza. Ya pili alifungwa sita sifuri, sita mbili, na ya tatu hakupata hata mchezo mmoja. Namba sita wa vyuo vingine alikuwa Mhispania, Mkolombia, Mromania wa Bucharest aliyeanza kushika raketi akiwa na miaka minne. Ubingwa wa Nebraska uliwafikia kiunoni. Tessa alikimbia, hakuna anayeweza kusema hakukimbia. Alikimbilia mipira ambayo mtu mwenye akili angeiacha ipite.

Ubaya wa tenisi ya vyuo ni kwamba uwanja wa mwisho kumalizika huvuta watu wote. Wenzako wakishamaliza huja kusimama kwenye uzio wako, na timu ya pili nayo huja, na wazazi huhamisha viti. Mara nne msimu ule matokeo yalikuwa tatu kwa tatu na Tessa ndiye aliyebaki. Mara nne timu nzima ya Plum Fork ilisimama kwenye uzio ikimpigia makofi, wasichana wale wa mbali wakiimba jina lake, na mara nne akawapotezea. Walimkumbatia kila mara. Hilo Marla alilichukia kuliko yote; afadhali wangemtukana.

Hapo wivu wake ukahama. Siku moja kwenye baridi ya Machi alimwona wa saba wa timu ya wapinzani, msichana mnene wa hapahapa amejifunika blanketi, anakunywa chokoleti ya moto, anapiga kelele kwa raha zake zote. Nyuma yake alikaa mama yake, anafuma sweta, hata uwanjani haangalii. Marla akamwonea wivu mama yule mpaka machozi yakamlenga. Alikuwa nacho kitu kile miaka miwili, na alikiona ni msiba.

Mechi ya tisa ilipopotea, Marla alikwenda mwenyewe mpaka ofisi ya kocha, akasimama mlangoni. Kocha aliinua macho, akamwangalia, akayarudisha kwenye karatasi zake. Marla akarudi alikotoka.

Jumamosi moja ya Aprili kikaja chuo kile cha Kansas. Vendula Sedlakova alicheza uwanja wa kwanza, kwa Kansas, akamaliza kwa muda mfupi kiasi kwamba mwamuzi alikuwa bado ana kahawa nusu kikombe. Alikuwa vilevile kama kwenye video, mrefu, hana haraka. Tessa alicheza uwanja wa sita akafungwa sita moja, sita moja. Marla alikuwa anakunja kiti chake alipoona jambo ambalo hakulielewa. Vendula hakwenda kwenye basi lao. Alivuka viwanja vyote mpaka cha sita, na Tessa akaangusha raketi, wakakumbatiana muda mrefu, kama watu wanaojuana miaka. Walikaa chini kwenye uzio wakazungumza mpaka kocha wa Kansas akapiga filimbi.

Lyle alikuwa amerudi dukani kwake. Marla alimsubiri binti yake ndani ya gari. Tessa akaingia, akaweka mfuko wa raketi kiti cha nyuma, akafunga mkanda.

"Mnajuana?" Marla akauliza.

Tessa akasema wanaandikiana tangu mwaka juzi. Kocha ndiye aliyempa anwani, ili amweleze huyo mgeni habari za mahali, baridi ikoje, chakula kikoje. Kocha kila mwaka alimpa Tessa kazi hiyo, kwa kuwa alikuwa na moyo wa kupokea watu.

"Na hukuniambia."

"Wewe si ndiye husemi mambo ya mafaili? Nikaona nisikuletee shida." Tessa alivua kofia, nywele zimelowa jasho. "Mama, hii namba sita mimi imenichosha. Namba saba nilikuwa sina shida nayo. Nilikuwa najua siwezi kuwashinda wale, nilijua tangu siku ya kwanza. Nilitaka tu kuwa nao."

Marla alitazama mbele. Alitaka kusema kitu kuhusu kiti, kuhusu picha ya dukani, akaona vyote ni vya kipumbavu.

"Vendula alikuwa na vyuo vitatu vinamtaka," Tessa akaendelea. "Aliogopa. Alisema kuna rafiki yake alikataliwa Marekani kwa sababu mtu alizisoma alama zao kinyume. Sasa yeye hakutaka aibu hiyo. Mimi ndiye niliyemwambia aje hapa. Nilimwambia huku kwetu usiwe na wasiwasi kabisa, karatasi zako zitasomwa na mama yangu."

Basi la Kansas likapita mbele yao taratibu, likakata kona. Mtu mmoja alipunga mkono dirishani, na Tessa akapunga.

"Leo ameniuliza kama mama yangu bado anafanya kazi ileile. Nikamwambia ndiyo." Kisha akageuka akamtazama Marla usoni, bila hasira, kama mtoto anayeuliza chakula kimeiva au bado. "Ulizisoma wewe, mama?"

"Nilizisoma," Marla akasema.

Tessa akangoja maneno yaliyobaki. Alingoja muda wa kutosha mtu kuyasema. Kisha msichana akafungua mkanda, akachukua mfuko wake kiti cha nyuma, akaenda kwa miguu kule walikokuwa wenzake.